Hao Ndege Wanaliwa?

Mama yangu ana swali moja kwa kila kiumbe ninachomwonyesha kwenye simu. Mwaka wangu wa kwanza huku Ujerumani nilimtumia video fupi ya ziwa: ndege weusi mamia kwa mamia, wamebanana juu ya maji kama abiria wa daladala ya Buhongwa saa kumi na mbili jioni. Hazikupita dakika mbili akapiga.

"Mwanangu, hao ndege wanaliwa?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanaliwa?"

Nikamweleza kwamba hao ni kukuziwa, kwamba zamani watu wa huku waliwala sana, ila sehemu ile sasa imekatazwa kuwapiga. Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia redio, na mtu anagombana na bodaboda juu ya chenji.

"Kwa hiyo wamekaa tu, na hakuna anayewagusa."

"Wamekaa tu, mama."

"Na baridi yote hiyo! Sasa wamefuata nini huko?"

Swali la kwanza lilijibiwa kwa sentensi moja. Hili la pili limenichukua vuli tatu.

Nimesema vuli, na najua msomaji wa Mwanza amekunja uso. Vuli kwetu ni mvua: Oktoba mpaka Desemba, bati linapiga kelele, kumbikumbi wanatoka, watu wanatupa mbegu za mahindi ardhini. Walimu wa jiografia wamelichukua neno hilohilo wakayavisha majira ya Ulaya ambayo hayafanani nayo hata kidogo. Vuli ya huku majani yanapukutika, jua linazama saa kumi na moja kasoro robo, na ukungu unashuka juu ya ziwa kama mgeni asiyejua kuaga. Mahindi hayapandwi, na kilichopo kinaoza. Mwaka wa kwanza nilisema aliyeiita hii vuli hakuwahi kuiona. Siku hizi nimempunguzia lawama kidogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo vuli zote mbili zinashirikiana: ndio msimu wa wageni kuingia ziwani.

Naishi Konstanz, kusini kabisa mwa Ujerumani, mji ambao ukitembea vibaya kwenda dukani unajikuta Uswisi. Nilikuja kusomea uuguzi wa wazee, nikabaki kufanya kazi. Ziwa lake linaitwa Bodensee. Ujerumani, Uswisi na Austria wanalizunguka, na ile sehemu kubwa ya katikati nchi hizo hazijawahi kukubaliana mpaka unapita wapi. Nilipoambiwa ni moja ya maziwa makubwa ya Ulaya ya Kati nilitabasamu kwa adabu. Lina kilomita za mraba 536. Ziwa Victoria lina zaidi ya 68,000. Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza, nimekua nikitazama maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa ambalo unaona nguo zimeanikwa upande wa pili nililiita bwawa, nikamwandikia hivyo dada yangu. Baadaye nikasoma kwamba bwawa langu lina kina cha mita 250 hivi, mara tatu ya Ziwa Victoria penye kina kirefu zaidi. Nikaacha kuliita bwawa.

Aliyenifanya nilitazame ni mzee mmoja pale ninapofanya kazi. Jina lake halina haja hapa. Huku watu wanaitana kwa majina ya ukoo hata baada ya miaka ishirini, na mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee. Akauliza maana yake. Nikamwambia ni cheo. Akafikiri kidogo, akakikubali.

Mzee alikuwa fundi wa reli, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliamka Jumapili moja kila mwezi, Septemba mpaka Aprili, kwenda kuhesabu ndege wa majini. Hesabu hizo kuzunguka Bodensee zilianza msimu wa 1961/62 na hazijakoma: watu wa kujitolea wanagawana ufuko, kila mtu na kipande chake, siku moja, ili bata asihesabiwe asubuhi na Mjerumani na mchana na Mswisi. Mzee ana madaftari yake yote kwenye kabati, yameandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino, anasema, inagoma kwenye baridi na kulia kwenye ukungu. Magoti yalipomkatalia, kipande chake alipewa mtu mwingine. Alichobaki nacho ni dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Basi Novemba yangu ya kwanza, siku niliyokuwa na mapumziko, akanipa darubini yake na kunichorea ramani nyuma ya karatasi ya dawa. Shuka kituo cha treni cha Reichenau. Fuata njia yenye miti ya mipopla inayokwenda kisiwani. Kabla ya kufika kisiwani kuna magofu ya ngome ndogo, panaitwa Schopflen, pana jukwaa la kutazamia. Simama hapo. Usiongee na simu.

Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa na viatu vya raba vya kwendea sokoni. Sikuona kitu. Sisemi niliona ndege wachache. Nasema niliona maziwa mgando. Mbele yangu palikuwa na hifadhi ya Wollmatinger Ried, maelfu ya matete na maji mafupi, na mimi nilikuwa naona mkono wangu na reli ya jukwaa. Vidole vya miguu vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na huko kuacha ndiko kulikonitisha. Kama isingekuwa aibu ya kumrudia Mzee mikono mitupu, ningeondoka.

Kwa kuwa macho hayakuwa na kazi, masikio yalianza. Kwanza nikasikia kishindo kidogo cha maji, tip, tip, kama mtu anadondosha kokoto moja moja, kisha mlio mfupi mkali, "kek!", kama kizibo kinachochomoka. Baadaye nilijua ndio kukuziwa. Nikasikia filimbi tamu inayopanda na kushuka, kama mtoto anamwita mwenzie nyuma ya nyumba. Huyo ni bata mwekundu wa kichwani anayetoka kaskazini ya mbali. Halafu, mbali, kulia kwangu, ikaanza bendi. Sina neno jingine. Ilikuwa kama vijana wa tarumbeta wanaokwenda kumchukua bibi harusi, wako mtaa wa tatu, hawajajipanga vizuri, kila mmoja anajaribu chombo chake. Pu-hu. Pu-hu-hu. Sauti ikaja juu, ikapita kichwani mwangu karibu kabisa, nikasikia na mabawa yanavyokata hewa, na bado sikuona kitu. Ikatua mbele. Maji yakachanika kwa muda mrefu, kama mtu anapasua shuka.

Saa tano kasoro ukungu ukainuka. Haukuisha, uliinuka kimo cha mtu, ukakaa hapo kama neti ya mbu iliyopandishwa. Chini yake ziwa lilikuwa limejaa.

Siku ile nilihesabu vibaya mno. Nilikuwa najaribu kuhesabu mmoja mmoja, nikifika sabini mmoja anazama, mwingine anaibuka, nami sijui kama ni yuleyule. Nilimrudia Mzee na jibu: "Elfu moja na mia mbili hivi." Akaniangalia kama nimemletea chai bila kikombe. "Hivi," akasema, "si namba."

Ndipo akanifundisha. Unahesabu kumi, kwa uhakika. Unatazama hao kumi wanachukua nafasi gani ndani ya duara la darubini. Halafu unalihamisha hilo kumi juu ya kundi, mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ufike mwisho wa kundi. Kundi likiwa kubwa, unafanya hivyohivyo kwa mia. Nikacheka peke yangu. Mama yangu ameuza dagaa soko la Mwaloni, kule Kirumba, tangu sijazaliwa. Hajawahi kuhesabu dagaa hata mmoja, ila mpe gunia, alitazame tu, atakwambia ni sado ngapi, na hakosei hata kwa nusu. Nikamweleza Mzee sado ni nini: kile kikopo cha rangi kilichogeuka kipimo cha nchi nzima. Akalipenda neno. Tangu siku hiyo ndege kumi kwetu ni sado moja.

Nakiri kwamba kukuziwa ndio ninaowapenda kuliko wote, na wapenda ndege wengi watanicheka, maana ni ndege wa kawaida kama kunguru. Ni mweusi mwili mzima, mdomo mweupe, na kipaji cheupe kinachopanda mpaka utosini kama amepakwa unga wa muhogo. Wa kwetu, kama wale wa Naivasha, ana vinundu viwili vyekundu juu ya kipaji. Wa huku hana. Akipanda ufukoni ndipo unaona miguu yake. Haina utando kama ya bata. Kila kidole kina vipande vipana vilivyopangana kama majani, rangi ya kijivu cha kijani, na ni mikubwa kuliko inavyompasa, kama mtoto aliyevaa makubadhi ya baba yake.

Hawezi kuzama vizuri. Anaruka kidogo juu kwanza, apate nguvu, halafu anajitupa chini na kuibuka kama kizibo, mdomoni ana nyasi za ziwani. Na hapo ndipo sinema inapoanza, kwa sababu pembeni yake anamngoja bata wa kijivu mwenye kitako cheusi. Huyo bata hazami. Kazi yake ni kukaa karibu na kukuziwa, na kila kukuziwa anapoibuka na kitoweo, anamnyang'anya. Nilimtazama mmoja kwa nusu saa: kukuziwa alizama mara kumi na tisa, akaporwa mara saba, na hata mara moja hakuhama mahali. Mwaloni kuna vijana wa namna hiyo, wanaojua mtumbwi wa nani unafika saa ngapi.

Akipita tai, mambo yanabadilika. Siku moja alikuja tai mkubwa mwenye mkia mweupe, akipiga mabawa polepole kutoka upande wa Uswisi. Sikumwona mimi, niliwaona kukuziwa wakimwona. Walikuwa wametapakaa eneo kubwa, na kwa pumzi moja wakakimbiliana, wakawa kitu kimoja cheusi, zulia, kisha zulia lote likaanza kurusha maji juu kwa miguu. Tai alizunguka mara mbili. Hakuwa na mahali pa kuchagua. Akaenda zake, na zulia likafumuka taratibu, kila mtu akarudi kwenye nyasi zake na mwizi wake.

Hao ndio waliopigwa kwa bunduki hapahapa, kwenye maji mafupi kati ya Reichenau na Ermatingen ya Uswisi. Kila mwaka mwishoni mwa Novemba mitumbwi ya Wajerumani na Waswisi ilitoka pamoja, wakawasukuma kukuziwa katikati na kufyatua. Wenyewe waliita vita, Vita vya Kukuziwa. Ilikomeshwa miaka ya 1980 baada ya mabishano marefu ambayo Mzee anayasimulia kama ya jana, na ambayo, nikimsikiliza vizuri, yalimgharimu urafiki wa watu kadhaa wa kijijini kwake. Anasema baada ya vita kwisha ndege walichukua miaka kuacha kuruka kila walipoona mtumbwi. Nilipomsimulia mama, alichouliza ni kama walikuwa wanawachoma au wanawachemsha.

Sasa nirudi kwenye swali lake la pili. Wamefuata nini?

Wengi wamefuata kome. Bata wadogo weusi na weupe wenye kishungi kinachoning'inia kisogoni, ambao wanakuja kwa maelfu kutoka Urusi na nchi za Skandinavia, wanalala mchana kutwa vichwa vimefichwa mgongoni, na mtu anaweza kudhani ni wavivu. Kazi yao ni usiku. Wanazama kwenye giza, wanang'oa kome wadogo kwenye mawe, na kuwameza wazima wazima na gamba lake. Kusaga ni kazi ya firigisi. Kila ninapotengeneza firigisi za kuku jikoni kwangu na kukutana na ile ngozi ngumu ya ndani, namfikiria bata anayeponda magamba usiku kucha kama kinu cha kokoto.

Zamani hapakuwa na kome hao. Kome milia waliingia Bodensee katika miaka ya 1960, wametoka pande za Bahari Nyeusi, wamebebwa na vyombo vya watu, na bata wakafurahi; idadi ya waliobaki msimu mzima ikapanda. Kisha mwaka 2016 akagunduliwa ndugu yake, kome kwaga, na huyu ni habari nyingine. Anashuka mpaka vilindini ambako bata hafiki. Anazaa kwenye maji ya baridi. Anaziba mabomba ya kuvuta maji ya kunywa, na ziwa hili linanywesha watu milioni nne hivi, wengi wao mbali kabisa na hapa. Anachuja vijidudu vyote vya majini, na samaki mweupe wa huku, anayeitwa Felchen, anakosa chakula. Mwaka 2024 kumvua kwenye ziwa la juu, ile sehemu kubwa ya Bodensee, kulipigwa marufuku kwa miaka mitatu. Migahawa ya ufukoni bado inamuuza, ila ameletwa kutoka kwingine.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Tunaye sangara, aliyewekwa ziwani miaka ya 1950, akakaa kimya, halafu miaka ya 1980 akafumuka. Furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, wakaisha, aina mamia, na viwanda vya minofu vikajengwa. Babu yangu alimlaani sangara mpaka anakufa, na ni sangara aliyenilipia ada ya sekondari. Kwa hiyo wenzangu wa hapa wanaponiuliza kama huyu kome ni mzuri au mbaya, mimi huwa nawauliza: kwa nani, na unauliza mwaka gani?

Wengine wamefuata nyasi, na hao wana hadithi ya kufurahisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ziwa hili lilikuwa limejaa fosforasi ya maji taka na sabuni, maji yamegeuka supu ya kijani, na mimea ya chini ikafa kwa kukosa mwanga. Nchi zote tatu zikajenga mitambo ya kusafisha maji, leo fosforasi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa, na ile mimea ikarudi. Pamoja nayo wakarudi bata wenye kichwa cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu kama pilipili, wanaokula mimea hiyo karibu peke yake. Mzee ana ukurasa mmoja wa mwaka wake wa mwanzo wenye bata hao sita. Karibu na mwisho wa madaftari anaandika mamia, na pembeni ya namba moja ameweka alama ya mshangao. Ni alama pekee ya mshangao niliyoikuta katika madaftari yake yote.

Na ile bendi ya ukunguni? Hao ni batamaji wa kaskazini, weupe, shingo ndefu iliyonyooka kama mchi, mdomo wa njano na ncha nyeusi. Usiwachanganye na batamaji wa mjini, wenye mdomo wa machungwa na nundu, wanaokula mikate ya watalii na hawana sauti ya maana. Wa kaskazini wanazaliana Ufini, Uswidi na Urusi, kwenye mabwawa ambayo Novemba yanageuka sakafu. Wanaingia hapa mwezi huo kwa mamia, familia nzima nzima, baba na mama weupe na watoto wa kijivu, na wanakaa mpaka Februari au Machi. Maji ya Bodensee hushuka majira haya kwa sababu kule milimani mvua imekuwa theluji na theluji haitiririki. Na maji yakishuka, shingo inafika chini. Ndio maana wanapenda pale Wollmatinger Ried. Yule wa kwanza niliyemwona vizuri kwenye darubini alizamisha kichwa, akakaa hivyo nikihesabu kumi na nne, akainuka na mzizi mrefu mweusi mdomoni, na mtoto wake wa kijivu akauvuta upande wa pili.

Nilisimama pale nimevaa koti mbili, glavu, kofia ya sufu aliyonifumia mkazi mwingine wa nyumba yetu, pua haina habari, na ndipo nilipoelewa jambo ambalo pengine mtoto wa darasa la tatu wa huku analijua: ndege hawa hawajaja kuvumilia baridi. Wameikimbia. Pale nilipokuwa najihurumia kwa sababu nimetoka joto nikaingia friji, wao wametoka friji wakaingia joto. Kwao huku ndiko kusini. Hii ndiyo Mwanza yao. Mama alidhani wamepotea njia, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa naona nasi tumepotea pamoja.

Mzee akanitilia chumvi kwenye furaha hiyo. Akafungua madaftari mawili, la zamani na la mwisho, akaniwekea kidole kwenye bata wa kishungi. Namba imeshuka. Hawajafa, akasema, hawaji. Hesabu za nchi nyingi za Ulaya zimeonyesha hivyo: Ufini, ambako zamani maji mengi yaliganda, sasa bata wa kishungi wanabaki kwa maelfu, na huku Uswisi na Bodensee wanapungua. Kusini yao imepanda juu. Kama maji ya karibu na nyumbani hayagandi, kwa nini mtu asafiri? Alisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye watoto wake wanaishi mbali na wanapiga simu Krismasi.

Katika kusoma kuhusu Ufini nikakutana na kitu kilichonifanya nisimame katikati ya chumba. Kuna shakwe wa huko, mgongo mweusi, miguu ya njano, ambaye watafiti wamemfungia vifaa vya kufuatilia safari yake. Hashuki hapa na batamaji. Anapita Ulaya, anavuka bahari na jangwa, na wengi wao msimu wa baridi wanaumalizia Ziwa Victoria. Zaidi ya kilomita 6,000. Yaani mwaka huohuo, kutoka nchi moja, pengine kutoka ziwa moja la Ufini, batamaji anaanza safari ya kuja kwangu hapa Konstanz na shakwe anaanza safari ya kwenda kwa mama yangu Kirumba. Utoto wangu wote niliwarushia mawe shakwe wale pale mwaloni, wakigombania vichwa vya sangara na makorongo yenye vipara. Nilidhani ni wa hapohapo. Nilidhani wamezaliwa juu ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani pale Mwanza.

Nikamwandikia mama. Nikamwomba, akiwa sokoni, awaangalie: mgongo mweusi, miguu ya njano, na kama anaweza ahesabu.

Alijibu baada ya siku nne, kwa sauti, dakika tatu nzima, kelele za mwalo zote zimo: mashine za boti, mtu anatangaza bei, na juu ya yote ile sauti ya shakwe wenyewe, kicheko kirefu cha mtu aliyelewa. "Nimewaona hao ndege wako. Wapo, na miguu ya njano wanayo, sikuwahi kuitazama. Nimehesabu ishirini na mmoja, nikachoka, nina wateja. Mmoja kachukua samaki kwenye beseni la jirani yangu mchana kweupe. Wanatoka Ulaya halafu wanakuja kutuibia sisi! Hawa hawaliwi, usiniulize, wananuka."

Kesho yake nilimchezea Mzee ile sauti kwenye simu, nikimfasiria kipande kwa kipande. Kicheko cha shakwe kilipopita aliomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu. Kisha akanyoosha mkono kwenye kabati, akatoa daftari la mwisho, lile lililokoma siku magoti yalipogoma, akalamba ncha ya penseli na kuandika chini ya mstari: Mwanza, shakwe mweusi, 21.

Akabaki ameshika penseli.

"Ilikuwa saa ngapi?" akauliza. "Bila saa haijakamilika. Muulize mama yako."

Nikampigia palepale. "Mwambie," mama akasema, "ilikuwa saa ya boti za dagaa kurudi. Yeye ni mzee, ataelewa."